Kaa Wanne Mfukoni mwa Kanzu

Jamani, leo nasimulia kwa sababu aibu yenyewe imeshazeeka, lakini siku ile ningeonyeshwa shimo ningeingia nikajifukia mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa sayansi shule ya msingi hapa Mtwara (hilo la sayansi lishikeni, ndilo lililoniponza), na siku hiyo mjomba wangu alinipeleka Msangamkuu kujitambulisha kwa mama yake Salima, mama ambaye alikuwa ameshawakataa wachumba wawili kabla yangu, na Salima alishaniambia wazi kwamba mama akikataa, na yeye amekataa.

Tukaandaliwa wali na mchuzi wa chaza, chaza aliowaokota mama mwenyewe asubuhi maji yalipokupwa. Kutazama bakuli langu, naona kaa. Mdogo kama punje ya choroko, mweupe, na miguu yake yote. Nikakoroga, wa pili huyo. Nikasema moyoni, masikini mama wa watu, kaharakisha, hakuwaosha vizuri, na mjomba akiona atasema tu, maana mdomo wake hauna kufuli. Basi kwa adabu zangu za kujipendekeza nikawachopoa mmoja mmoja, wanne, nikawatia mfukoni mwa kanzu (nyeupe, tena ya kuazima).

Nilisahau kwamba mchuzi una binzari. Doa la manjano likaanza kushuka ubavuni, likafika pajani, shangazi yake Salima akaliona, akamkonyeza mwenzake. Kisha akaja paka. Sijui alitumwa na nani, alivamia mfuko wangu kwa makucha, ukachanika, na kaa wote wakadondoka mkekani mbele ya mama.

"Mwanangu, hao umewaficha kwa nini?"

Ningesema ukweli yangekwisha. Nikajitia ualimu. "Nawapelekea wanafunzi, mama. Hawa ni watoto wa chaza, wakikua wanaota gamba."

Hata paka aliacha kula.

"Huyu ni kaa, mwalimu," mama akasema taratibu. "Akiwa mchanga anaelea na maji mpaka apate chaza wa kuingia. Jike akishaingia hatoki tena, anamdokolea mwenyeji chakula chake, anataga humo humo, watoto wanatoka kutafuta kwao. Dume ndiye mdogo, anazurura, leo kwa chaza huyu, kesho kwa yule." Akanitazama kuanzia kofia mpaka doa. "Dume tunamjua."

Wakacheka wote, mjomba wangu akiongoza, msaliti mkubwa. Nikakiri kwamba nilidhani hakuwaosha na sikutaka aaibike. Nikaanza kumuaga Salima moyoni.

"Hao ndio utamu wenyewe," mama akasema. "Nilikuwekea wewe makusudi. Wa kwanza aliwatema mbele yangu. Wa pili akaniuliza kama najua kuosha." Akaokota kaa aliyesazwa na paka, akampangusa kwa kanga. "Kula."

Nikala, na unyoya wa paka juu yake.

Akakubali, kwa sharti kwamba tukioana nihamie uani kwake, kama walivyofanya waume wa kwao zamani. Mwaka wa pili huu nala kwake, nalala kwake, na nimeapa sitamfundisha tena mama mkwe habari za bahari. Majuzi nilimuuliza Salima, kwa sauti ya chini, lini tutapanga chumba chetu mjini, Rahaleo. Mama akajibu kutoka jikoni.

"Dume kaanza kuzurura."

Nikakaa chini, nikasubiri chakula.