Jino la Baba Nililomficha Nesi

Jumamosi. Mvua ya mawe imepiga majani chai tangu saa nane mchana.

Kosa ni langu. Nimelinyamazia tangu mwaka jana na leo limenishinda.

Baba yangu alikuwa awekewe goti la chuma. Lake liliisha kwa miaka ya kubeba chai mgongoni. Upasuaji ulikuwa umeahirishwa mara mbili, kwanza presha, halafu jipu. Kwenda choo alikuwa anatambaa.

Siku ya kulazwa, nesi aliuliza kama ana kidonda, jipu au jino bovu. Nesi mwenyewe ni mtu wa upande wa ziwa, hajui Kikisii. Baba naye Kiswahili chake ni cha salamu tu. Mtafsiri nilikuwa mimi.

Baba akaniambia, "Mwambie hili la nyuma linatoa usaha."

Nikamwambia nesi, "Anasema hana shida."

"Una hakika? Uchafu wa jino hutembea na damu mpaka kwenye chuma."

"Nina hakika, sista."

Ningependa kuandika kwamba ilikuwa huruma, upasuaji usiahirishwe mara ya tatu. Ilikuwa, lakini si yote. Nilikuwa nimechoka kumwosha.

Mwezi haukuisha, goti likavimba, likawa moto, kidonda kikafunguka. Wakamrudisha wakatoa chuma, na lile jino wakaling'oa. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ni jino, viini vina njia nyingi. Huenda. Lakini mimi ndiye niliyewanyima nafasi ya kulitibu kwanza. Mguu sasa haukunjiki.

Leo watu wa kanisa walikuja kumwona. Baba akawaambia, "Nesi tulimwambia juu ya jino, akapuuza. Huyu msichana wangu ni shahidi."

Mzee mmoja akatania, "Hao watu wa samaki, kazi yao ni kuangalia miiba, si meno." Wakacheka. Mimi nikaendelea kumimina chai.

Walipoondoka nikamwambia Baba, "Tata, nesi hakuambiwa. Nilimdanganya."

Aliniangalia sana. Akasema, "Mimi kila asubuhi nimekuwa nikimwomba Mungu amlipe yule nesi kwa ubaya wake. Sasa nitaombaje?"

Nikakusanya vikombe.

Wewe unayemtafsiria mzazi hospitalini, sema alichosema, hata kama mtarudishwa nyumbani mara ya tatu. Kungoja kunachosha, najua. Hiki nilicho nacho hakiishi.

Jioni tulikula ugali wa wimbi na mboga za chinsaga. Baba alikula akiwa ameweka mguu juu ya stuli, umenyooka. Huwa ananishukuru akimaliza. Leo alisukuma sahani tu.