Pikipiki Isiyobeba Kuni

Nilikuwa nimekalia kiti kile kile mbele ya cherehani kwa miaka mingi mpaka mwili ulianza kukikataa. Kibanda changu kiko Kawangware 46, kando ya barabara, kati ya mama wa viazi na jamaa anayetengeneza simu. Kazi yangu ni kushona viti vya pikipiki. Mtu analeta kiti kilichopasuka, natoa ngozi ya zamani, naongeza sponji, navalisha ngozi mpya, naivuta mpaka inanyooka. Anapanda, anaondoka. Mwingine anakuja. Wote wanaenda mahali, mimi nabaki. Nafikiri hilo ndilo lililokuwa likinisumbua, ingawa wakati huo ungeniuliza ningesema ni mgongo.

Siku pikipiki ile ilipofika, niliisikia kabla sijaiona. Haikuwa sauti ya bodaboda. Ilikuwa sauti nyembamba, kali, kama kitambaa kinachochanwa kwa nguvu na hakikatiki. Halafu ikaja sauti nyingine mbaya: tumbo la pikipiki likikwaruza bampu. Vijana wa stegi ya bodaboda wakaguta "Aaah!" kama watu walioona mpira umegonga mwamba wa goli.

Ilikuwa nyekundu, ya Kijapani, ile aina ya mashindano, yenye kiti cha nyuma kidogo kama cha mapambo. Aliyeshuka alikuwa mwanamume wa makamo, mvi kwenye ndevu, na alishuka polepole akijishika kiuno kama mtu anayeteremka kutoka juu ya paa. Baadaye nilijua kwamba alikuwa fundi wa ndege aliyestaafu, na kwamba aliishi peke yake Nyayo Highrise. Siku hiyo nilijua tu kwamba ameumia mgongo na hataki watu waone.

Kijana mmoja wa stegi akasogea. "Buda, hiyo nduthi inabeba wangapi?"

"Mmoja."

"Na mzigo?"

"Haibebi mzigo."

"Sasa ni ya nini?"

Wote wakacheka. Yeye hakucheka. Aliigeuza helmeti mkononi. "Hata mimi siku hizi najiuliza," akasema.

Alitaka niongeze sponji. Nikaongeza. Baada ya wiki chache akarudi: kiti kimekuwa juu sana, sasa uzito wote unaangukia viganja, kutoka Ngong Road mpaka kwangu mikono imeshakufa ganzi. Nikapunguza mbele, nikaacha nyuma. Akarudi tena. Kwenye foleni injini inamchoma mapaja, akasema. Bodaboda zinampita kushoto na kulia huku yeye amekwama na ile nguvu yote. Kila bampu lazima alivuke kwa pembeni, kama mtu anayepita mlangoni na meza.

"Mzee," nikamwambia, "shida si kiti. Hii pikipiki inataka mtu alale juu yake. Wewe unataka kukaa."

"Najua," akasema. "Imetengenezewa mbio. Ukienda kasi sana, upepo unakusukuma kifua, unakubeba, mikono inapumzika. Ndiyo maana wenye kukimbia nayo hawalalamiki." Akatabasamu kidogo. "Lakini huo upepo huupati mpaka uwe umeshavunja sheria. Gia ya kwanza peke yake inatosha kukupeleka kortini."

"Kwa nini uliinunua basi?"

"Niliitaka tangu nikiwa kijana. Nilipoweza kuipata, yule kijana alikuwa ameshaenda."

Alisema hivyo bila huzuni, kama mtu anayeeleza hitilafu ya mashine. Mimi nilikuwa nimeshika sindano, na nilishangaa kuona kwamba maneno yake hayakunihuzunisha. Yalinikasirisha. Kitu kama kile, nikawaza, na mwenyewe anaogopa mapaja kuungua.

Nikamwambia kwamba ili nimshonee vizuri ni lazima niiendeshe mwenyewe, nijue mwili unateleza wapi. Hiyo ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote.

"Unajua kuendesha?"

Nikamwonyesha yangu, iliyokuwa imeegeshwa nyuma ya kibanda: pikipiki ndogo ya kawaida aliyoniachia kaka yangu aliporudi Busia kulima, yenye keria pana ambayo nafungia mabunda ya sponji. Aliizunguka. Alikitazama kiti chake kirefu, usukani wake wa juu, kama mtu anayetazama sahani ya mwenzake hotelini.

Tukakubaliana Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache.

Jumapili hiyo sikwenda kanisani. Nilitoka kwangu Kabiro mapema, watu wakiwa wanapiga pasi suti zao, nikafika Nyayo Highrise nikiwa na njaa na bila hamu ya kula. Alinisubiri chini, kwenye maegesho. Alinivalisha jaketi lake, akanifunga helmeti yake kidevuni mwenyewe, kama mtu anayemvalisha mtoto sweta. Tulipanga kwamba mimi nitatangulia na yake na yeye atafuata na yangu.

"Kitu kimoja tu," akasema. "Usiuamini mkono wako wa kulia. Mkono hauogopi. Inayoogopa ni shingo, na shingo huchelewa."

Kutoka pale mpaka Southern Bypass niliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Nilielewa malalamiko yake yote. Viganja viliuma, shingo ilikakamaa, joto lilipanda mpaka nikahisi napikwa. Katika kioo cha pembeni nilimwona akija nyuma kwenye pikipiki yangu, amekaa wima, ametulia, kama mwalimu mkuu anayekwenda shule.

Kisha tukaingia bypass. Upande mmoja msitu wa Ngong, lami mbele yangu tupu. Nikavuta mafuta.

Sijui nieleze vipi. Pikipiki yangu ndogo ukivuta mafuta inakusikia, inafikiria, halafu inaenda. Hii haikufikiria. Miti ilikuwa miti, halafu ikawa ukuta wa kijani. Mzee alitoweka kwenye kioo. Nilikuwa bado gia ya kwanza. Nikaweka ya pili, na ule upepo aliouzungumzia ukaja, ukanisukuma kifuani, na viganja vikaacha kuuma. Kila kitu kikaacha kuuma. Kibanda, sponji, kodi, ile "fundi, yangu iko tayari?" ya kila siku, vyote vilibaki nyuma mahali fulani, na mimi nilikuwa mbali navyo na bado naenda. Nakumbuka nilipiga kelele ndani ya helmeti. Haikuwa neno.

Ndipo mwanamke akatoka msituni na mzigo wa kuni kichwani.

Alikuwa anavuka kama wanavyovuka wote pale, kwa hatua za mtu ambaye hawezi kugeuza shingo. Alikuwa ameshaingia barabarani nilipomwona. Shingo yangu ikaogopa. Nikashika breki, na gurudumu la nyuma likainuka, likayumba, likarudi chini, likaandika lami kwa mstari mweusi. Pikipiki ikasimama. Pikipiki yangu ndogo, kwa mwendo ule, isingesimama. Lakini pikipiki yangu ndogo isingefika kwa mwendo ule hata ningeisukuma kutoka mlimani. Jambo hilo nimelizungusha kichwani mara nyingi na sijapata pa kuliweka.

Mwanamke alikuwa amesimama mbele ya taa yangu, karibu kiasi cha kugusana. Kuni zilikuwa zimeanguka na kutawanyika. Alikuwa mama mzee, mwembamba, leso imefungwa kiunoni juu ya sketi.

"Kijana," akasema kwa hasira, "unakimbilia wapi?"

Nikatoa helmeti.

"Woi! Kumbe ni mwanamke!" Akanitazama kutoka juu hadi chini. Hasira ikarudi. "Haya. Wewe mwanamke. Unakimbilia wapi?"

Nilisema tu, "Pole, mama. Pole sana."

"Pole itaokota kuni?"

Nikaisukuma pikipiki mpaka kando ya barabara, nikaiegesha, nikaanza kuokota. Nilikuwa naokota kijiti kimoja na kuangusha viwili. Tulizifunga upya. Akaitazama pikipiki.

"Hiyo kitu yako inaweza kunifikishia mzigo Kibera?"

"Haibebi mzigo, mama."

Aliinama tu ili nimsaidie kuutwika, na mimi nikamshika mkono, tukavuka upande mmoja wa barabara, tukaruka mfereji wa katikati, tukavuka upande wa pili.

Tulikuwa ng'ambo, tumefichwa na kichaka, niliposikia pikipiki yangu ikija. Niliisikia ikipunguza mwendo, halafu ikazimwa ghafla. Nikageuka. Mzee alikuwa ameona mstari mweusi kwenye lami. Ameona pikipiki yake imesimama kando bila mtu. Helmeti niliyoivua niliiacha chini, majanini. Aliitupa pikipiki yangu, hakuiegesha, aliiacha ianguke, akakimbilia mtaroni. Mtu ambaye hushuka pikipiki kwa kujishika kiuno alikuwa anakimbia, anafunua nyasi kwa mikono, anaita, "Fundi! Fundi!" Halafu akaacha kuita. Alisimama katikati ya nyasi na kujishika kichwa.

"Niko huku!" nikapiga kelele. "Mzee! Niko huku, mzima!"

Alipotuona alikaa chini. Alikaa pale pale ukingoni mwa lami, miguu ndani ya mtaro, na tulipomfikia alikuwa analia bila sauti. Mama wa kuni alimtazama kidogo, kisha akatua mzigo wake, akakaa kando yake. "Huyu ni mkeo?" akamuuliza.

"Hapana. Ni fundi wangu wa kiti."

Mama akatikisa kichwa, kama mtu aliyeona kwamba leo amekutana na wendawazimu wa kila aina.

Hatimaye tulizifunga kuni zile kwenye keria ya pikipiki yangu. Mzee alisisitiza aendeshe yeye. Mama akapanda katikati, kati yake na mzigo, akamshika mabega, na wakaondoka taratibu kuelekea Kibera. Mimi nikawafuata na ile nyekundu, gia ya kwanza, nikishika klachi njia nzima, viganja vikiwaka moto. Watoto walikuwa wanatukimbilia. Walishangilia niliyoipanda mimi, ile nyekundu, iliyokuwa nyuma kabisa na ikichemka.

Tulipomfikisha, mzee alizima injini akakaa juu ya kile kiti kirefu kwa muda.

"Mgongo hauniumi," akasema. Alisema kama mtu aliyesomewa majibu mazuri ya hospitali.

Nilimrudishia yake, nikapita kwa mama yangu, ambaye bado anaishi Kibera na hataki kusikia habari za kuhama. Alikuwa ndio ametoka kanisani. Alinipa chai, akatazama kikombe kikigonga sahani.

"Unatetemeka, nyara," akasema. Anapotaka ukweli huniita hivyo, binti yangu, kwa Kijaluo.

Nikamweleza yote. Nilitarajia mahubiri. Alichota sukari nyingine ambayo daktari amemkataza.

"Uliogopa?"

"Niliogopa sana."

"Na unataka tena?"

Sikuweza kumtazama. "Nataka tena."

Akacheka kwa pua. "Mimi nilitoka nyumbani na lori la samaki. Hakuna mtu alinituma. Hakukuwa na njaa, hakukuwa na ugomvi. Nililiona limesimama pale ziwani, injini inanguruma, nikapanda juu ya barafu. Nyanya yako alinitafuta mpaka jioni." Akanywa chai. "Watu huniuliza kwa nini nilikuja Nairobi. Mimi huwaambia ni kazi."

Mzee hakuipanda tena ile nyekundu. Alikuja kibandani kuniambia, akiwa amepanda matatu, amevaa viatu vya kawaida. Akaniambia kama naitaka nije niichukue, niitunze, tutajua baadaye. Nilikataa. Plot yetu Kabiro ina lango ambalo unalipita kwa ubavu, na ndani ni kamba za nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Hizo ndizo sababu nilizompa, na zilikuwa za kweli. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshapima lango kwa utepe wangu wa kushonea.

Iliuzwa kwa mtu anayeipakia kwenye pikapu na kuipeleka kwenye uwanja wa mbio nje ya mji, mahali pamezungushiwa waya, hakuna bampu, hakuna mtu anayevuka. "Huko ina maana," mzee alisema. Alinipeleka siku moja tukaione. Tulisimama kwenye waya. Na ilikuwa nzuri, siwezi kukataa: ililala kwenye kona mpaka goti la mwendeshaji likakaribia lami, ikanyooka, ikapasua hewa mbele yetu. Halafu ikarudi. Ikaenda, ikarudi. Mzee alikuwa ametulia kabisa, mikono mfukoni, kama mzazi aliyempatia mtoto shule nzuri. Mimi nilichoka nayo kabla haijachoka yenyewe. Barabarani haina pa kukimbilia bila kuua mtu, na pale uwanjani haina pa kwenda. Nilimwomba tuondoke.

Yeye sasa ana ndogo kama yangu, ya kijivu, na amenifanya nikishone kiti chake upya ingawa kilikuwa kipya. Ananiambia amepona. Mimi sikupona. Nilishona viti, na kila kiti nilichokimaliza nilitaka kukirusha.

Mwezi wa nane nilifunga kibanda. Nilipakia blanketi na koti la mvua kwenye keria, nikashika njia ya Busia kwenda kumwona kaka. Malori yalinipita kwenye milima, yakinipulizia moshi, na mimi nikapita baiskeli chache. Hakuna upepo ulionibeba kifua. Pale juu, karibu na Mau Summit, baridi ilinishinda, nikaegesha mbele ya kibanda cha chai, nikasimama nikijipasha vidole kwenye kikombe. Simu ikalia. Alikuwa kijana wa stegi, kiti chake kimepasuka.

"Fundi, niaje, mbona umefunga? Uko wapi?"

"Niko njiani."

"Njia ya wapi?"

Nikamwambia. Akapiga mluzi.

"Na hiyo kanduthi? Itafika?"

"Imefika hapa," nikasema.

"Sasa unarudi lini?"

Mvua ilikuwa inaanza, matone makubwa, na mwenye kibanda alikuwa ananiashiria niingie ndani. Nilimwambia yule kijana sijui, nikameza chai iliyobaki, nikavaa koti, nikawasha pikipiki.