Miaka sita ya Morse Ngungu, na siku walisema mukono wangu ni wa bwana wangu

Wakuu, hodi humu ndani. Niko na hasira, lakini ni hasira ya muntu aliyeshinda. Nitakayoandika yote niliyaishi mwenyewe. Mwenye mashaka aulize Pinga, kule Walikale, wananisikiaka hewani.

Mi ni Mama Neema, mama wa watoto watatu, naishi Ngungu, kusini ya Masisi. Nimetoka mu shamba ya maharage, mutoto amelala, njo naandika.

Papa yangu alikuwaka muntu wa phonie kwenye paroisse ya kanisa, ile radio ya kuongea na vijiji vya mbali. Alijua pia Morse, ile ya kubonyeza nukta na mustari. Alinifundisha juu siku batterie iko chini, sauti haifike, lakini Morse inafika.

Nilipomaliza shule ya secondaire alinipa manipulateur yake, kale kachuma ka kubonyezea, amekapigilia kwenye kibao.

Sasa, sisi wapenzi wa Morse wa Masisi na Walikale tuko na concours, mashindano yetu, mara ine kwa mwaka. Ni Jumamosi, saa mbili ya asubuhi mpaka saa sita. Unaita mwenzako, anakupa namba, unamupa yake, kila muntu anaandika mu kaye, daftari yake. Namba ikikosewa, wote wawili munapoteza point.

Zawadi ni nini? Jina lako linasomwa hewani. Basi, ni hiyo tu.

Cheka. Lakini siku jina yangu ilisomwa mara ya kwanza, papa yangu alivaa koti kwenda kusikiliza phonie ya mu nyumba yake mwenyewe.

Mwaka wa kwanza nilikuwa wa mwisho. Wa pili, wa tano. Mimba ya pili nilicheza nikisimama, juu tumbo ilikuwa inagonga meza.

Na wakiisha kuzaliwa, ni mugongoni. Mutoto akianza kulia nainua mabega, namusogeza juu, naendelea kubonyeza. Hakuna concours hata moja nilikosa juu ya mutoto. Hiyo niandikieni mu kitabu yenu.

Huyu wa tatu alikuwa na wiki mbili tu wakati nilishinda tena, na nilimupita Papa Anselme.

Papa Anselme njo président wa club yetu, mwalimu wa zamani, yuko Masisi-centre. Badala ya kusoma jina yangu, alisema hewani, watu wote wakisikia, ati muzazi wa wiki mbili hawezi kukaa kwa radio masaa ine. Ati bwana yangu njo alibonyeza. Akanifuta kwenye liste.

Bwana yangu! Ule ni motard, wa kubeba watu kwa pikipiki. Anajua matope yote ya kutoka hapa mpaka Sake, lakini Morse hajui hata herufi tano.

Nilitaka kutupa manipulateur mu choo, mi nawaambia kweli. Miaka sita, na jina yangu inafutwa kwa mudomo ya muntu mumoja.

Yule alisimama kwa ajili yangu hatukuonanaka hata siku moja. Ni Papa Kasereka, mufanya biashara wa Butembo, ana duka Pinga, radio yake iko kati ya sabuni na mafuta. Alisema kila mukono iko na sauti yake, na mukono ya Mama Neema anaijua kuliko ya bibi yake.

Papa Anselme akasema basi nipimwe: Papa Kasereka asikilize bila kuambiwa, aseme ni mukono ya nani. Na mutoto asikuwe mu nyumba, ati asinisaidie. Mutoto wa wiki tatu sasa. Mukisoma hapo mupumzike kidogo, mimi bado napumzika.

Jumamosi ilifuata, directrice wa shule ya primaire alikaa kwangu kama shahidi. Tulikuwa watatu wa kubonyeza: mi, bwana yangu na papa yangu. Maneno ile ile na namba ile ile. Directrice akaandika zamu kwenye karatasi, akaikunja.

Hapo niliogopa. Mukono yangu nilijifunza kwa papa. Kama Papa Kasereka anatuchanganya, nimeisha.

Papa alianza. Nikafuata, mugongo mutupu, mutoto yuko kwa jirani, maziwa inanitoka. Mwisho bwana yangu, akisoma herufi kwenye karatasi kama kuku anadonoa bati.

Papa Kasereka akaongea mu phonie:

«Wa tatu sijui kama ni muntu ao ni mvua. Wa kwanza ni muzee, anabonyeza kama anaandika barua. Wa pili njo Mama Neema. Mbele ya kila namba anakawia kidogo, kama muntu anasogeza mutoto mugongoni. Leo pia amemubeba?»

Directrice akafungua karatasi, akabonyeza micro: «Ni vile umesema. Na mutoto hayuko hapa.»

Bwana yangu alicheka mpaka akatoka inje. Mi nililia, na sina haya.

Kile walisema kinanishinda, mutoto mugongoni, kumbe kilikuwa kimeingia mu vidole, njo kilinitambulisha Walikale yote.

Papa Anselme akalazimika kusoma jina. Akasema: «Mushindi ni Mama Neema, akisaidiwa na familia yake.»

Nilikamata manipulateur, nikabonyeza polepole, vile unabonyezea muntu anaanza kujifunza, ili aandike yote: MAMA NEEMA. PEKE YAKE.

Kutoka Pinga ikarudi ile ile, neno kwa neno. Njo vile tunafanyaka, kuonyesha ujumbe umefika.

Wakuu, nilichojifunza: kazi yako uifanye miaka mingi mpaka muntu asiyekuona akutambue. Siku wanakufuta, huyo njo atakuandika tena.

Sasa ni zamu yenu. Mama gani humu alifanya kazi, wakasema ni ya bwana yake? Nawasoma. Na weye unayekuja kuniambia nimuheshimu muzee, andika polepole, nisikose hata herufi.