Wakili Gwalugano na Waliobatizwa Ng'ambo

Gwalugano alizaliwa Itumba, akasoma sheria kwa shida, na huu ni mwaka wake wa ishirini na mbili akiwa wakili wa serikali. Wenzake walioanza naye kazi wana ofisi zao binafsi Mbeya. Yeye yuko Tunduma, anaikinga serikali na ujinga wake yenyewe. Kazi hiyo haina cheo.

Mwaka jana aliletewa jalada la Anastazia, muuza dagaa wa miaka hamsini na mmoja. Mama huyu alikwenda kuomba kitambulisho cha taifa. Kwa kuwa hana cheti cha kuzaliwa, akapeleka cha ubatizo, nacho kilitolewa na kanisa moja la Nakonde, Zambia. Basi! Akaitwa mgeni, akaandikiwa siku saba aondoke nchini. Aende wapi? Alizaliwa Tunduma. Ila enzi hizo kanisa lao la karibu lilikuwa ng'ambo, mwendo wa dakika kumi, na Jumapili familia nzima ilivuka mpaka kama unavyokwenda kwa jirani kuomba chumvi.

Ilibaki saini ya wakili tu. Sebastian, ofisa aliyeandaa jalada, alilileta mwenyewe, Anastazia akiwa amekaa palepale.

"Saini hapo tu, mzee. Huyu Kibemba chake kimenyooka kuliko Kiswahili."

"Ulitaka wateja wa Nakonde niwauzie kwa Kichina?" Anastazia akadakia.

Gwalugano akalisoma jalada lote, kisha akamtazama ofisa. "Sebastian, wewe ni mtoto wa hapahapa. Ulibatizwa wapi?"

"Mimi nina kitambulisho, mzee."

"Sikuuliza hicho."

"Nakonde. Lakini mtaa wetu wote…"

"Haya. Andika jina lako chini ya la mama, nisaini mara moja. Siku saba zinawatosha kufungasha."

Anastazia alicheka mpaka kitenge kikamlegea. Sebastian hakucheka. Alilichukua jalada, akaita majirani wawili waliomjua marehemu mama yake Anastazia, na kufikia alasiri limeandikwa: raia.

Gwalugano hakufurahi, wala simlaumu. Sheria haijali ulibatizwa wapi. Ilikuwepo tangu asubuhi, imeandikwa, ila mama wa watu kaokolewa na aibu ya ofisa mmoja!

Alipotoka nje, kwenye benchi walikuwa wamekaa watu kumi na mmoja. Majalada yao Sebastian alishayaandaa, kila moja la siku saba, limeachiwa nafasi ya saini.

"Nani anafuata?" akauliza.