Mama Alipolala Studio

Kwa miaka mingi nimepiga saksafoni kwenye harusi za Mwanza, nikipuliza nyimbo za kuwanyanyua watu vitini mpaka mashavu yananiuma. Nyumbani Igogo nilikuwa napiga tofauti: jazi ya kutulia, nyimbo za mapenzi zisizo na haraka. Nilipotimiza miaka hamsini mke wangu akaniambia, "Hizo unazotupigia sisi ndizo urekodi. Za harusini kila mtu anazo."

Nikatunga nane.

Wiki ya kurekodi, mama akaja kututembelea kutoka Bukoba. Tangu baba afariki, usingizi ulikuwa umemkimbia. Alishajaribu dawa za hospitali, maziwa ya moto na sala, wapi. Jumamosi asubuhi hakutaka kubaki peke yake, nikaenda naye studio, chumba kidogo chenye magodoro yaliyopigiliwa ukutani.

"Shikamoo mama," fundi wa studio alimpokea.

"Marahaba baba. Nitakaa hapa pembeni, sitasema neno."

Akavua viatu, akajiweka kwenye kochi. Nilikuwa katikati ya wimbo wa tatu, ule niliomtungia mke wangu, niliposikia ngurumo. Nikadhani ni mvua inatoka ziwani. Fundi akaninyooshea kidole: kwenye kochi mama alikuwa ameegemeza kichwa nyuma, mdomo wazi, anakoroma.

Wimbo ulipoisha fundi akanong'ona, "Kaka, tumwamshe? Imeingia yote kwenye maikrofoni."

"Ukimgusa tutagombana."

Nikaogopa kwamba kukiwa kimya ataamka, basi nikaanza tena wimbo uleule. Nikaurudia, nikaurudia, mpaka midomo ikafa ganzi, huku fundi akicheka kichwa kikiwa juu ya meza. Mama alilala saa nzima na zaidi. Alipofumbua macho alijipangusa kwa ncha ya khanga, akauliza, "Mbona hamjaanza?"

Wimbo ule tuliurekodi upya Jumatatu, ila nikamwomba fundi ule wa Jumamosi auweke mwisho kabisa wa albamu.

Siku ya kumrudisha mama nikaiwasha albamu tulipotoka tu Igogo. Mama hasinzii kwenye gari. Humsaidia dereva kwa macho. Tumeshapita Usagara, ukafika wimbo wa mwisho.

"Huyu anayekoroma ni nani?" akauliza. "Mmeharibu wimbo mzuri."

Mke wangu akageukia dirishani.

"Ni wewe, mama," nikamwambia.

"Mimi? Mimi sikoromi. Miaka yote ile baba yenu hakuwahi kulalamika."

Akanuna mpaka karibu na Kigongo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hebu urudishe nisikie." Nikaurudisha. Safari hii alianza kutikisika mabega, halafu akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, na sisi tukacheka naye.

Sasa nyimbo zote zimo kwenye simu yake, na anazifungulia akishapanda kitandani. Juzi alinipigia kulalamika: wimbo wa pili ameupenda sana, lakini mpaka leo hajui unaishaje.