Ukungu Katika Jicho la Mama Pindo

Mama Pindo ni fundi cherehani, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu pindo zake, hata uzikodolee macho vipi, huoni uzi ulipopita. Sasa mtu wa namna hiyo akianza kusumbuliwa na tundu la sindano, mnadhani analala? Mama yake mzazi alianza na ukungu kidogo jicho la kulia, na ukaishia giza tupu. Mama Pindo hakumwambia mtu. Alisingizia taa, akasingizia uzi, akawagombeza mpaka wauza sindano wa watu.

Jioni moja shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi redio asiyeishiwa na vituko, akampandisha juu ya paa pamoja na mumewe na wifi yake. Alikuwa amejiundia darubini kwa bomba la plastiki. Akailenga chini kidogo ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari.

"Anza wewe, shemeji."

Mama Pindo akaweka jicho la kulia. Lo! Moyo ukampiga paa. Katikati palikuwa na ukungu wa kijivu, kama pumzi juu ya kioo. Akapepesa, upo. Akafikicha, upo. Hivi hivi ndivyo mama yake alivyomsimulia. Kazi yangu basi tena, akajisemea.

"Unaona?"

"Naona vizuri sana," akadanganya, akampisha wifi yake.

Wifi, asiyejua kunyamaza hata akilipwa, akainama. "We kaka, kioo hiki hukukifuta? Kimejaa ukungu!"

Mama Pindo akageuka kwa kasi. "Hata wewe unauona?"

"Niache kuuona, mkubwa wote huo?"

Shemeji akacheka mpaka akashika mbavu. "Huo ukungu ndio niliowaitia! Unaitwa nebula, wingu la gesi huko mbali kabisa, linawashwa na nyota changa zilizomo ndani. Tazameni katikati, mtaziona."

Wifi akaona moja. Mume akaona mbili, tena kwa kubahatisha. Mama Pindo akarudi na jicho lile lile la kulia. Safari hii ukungu ulikuwa mzuri ajabu, umetanua mabawa, na katikati nyota ndogo ndogo zimebanana.

"Nne," akasema.

"Nne!" Shemeji akaruka. "Wageni wangu wote hakuna aliyewahi kufika nne!"

Hapo machozi yakamtoka. Akaeleza yote: sindano, mama yake, usiku wa kugeukageuka kitandani.

"Miezi yote hiyo peke yako?" mumewe akamshika bega. "Kesho nakupeleka mwenyewe kwa daktari wa macho."

"Mpeleke, lakini jibu ninalo," wifi akadakia. "Nyota anaziona, sindano hazioni. Wifi, huo ni uzee! Vaa miwani kama wenzako."

Siku nyingine wangekesha wakijibizana. Mama Pindo akamkumbatia, akacheka huku analia. Tangu azaliwe hajawahi kuitwa mzee akafurahi namna ile.