Tepe Mbili za Dada

Kabla hamjaanza kusoma, naomba mnivumilie. Mkono wangu umezoea mkasi kuliko kalamu, herufi zangu zinalala upande, na panapotakiwa r huenda mkakuta l. Niliishia darasa la saba. Kurasa hizi zimenichukua wiki nzima, na sikutaka kuharakisha, kwa sababu ninayetaka kuwaeleza habari zake ni dada yangu.

Dada yangu ni rubani. Alipata mfadhili akiwa sekondari, akaenda ng'ambo kusomea kazi hiyo, na alipohitimu akabaki hukohuko miaka mitano akirusha ndege ndogo kati ya visiwa. Ilikuwa ndege ya abiria tisa. Aliirusha peke yake, akapakia mizigo mwenyewe, na mara nyingine akafuta matapishi ya mtoto wa watu kabla ya kuruka tena. Kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkuu wa ndege, mabegani alivaa tepe nne za dhahabu. Alipotutumia picha akiwa nazo, baba aliikuza akaitundika sebuleni.

Baba ni sajini mstaafu. Alikuwa dereva wa malori ya jeshi, nasi tumekulia hapa Mbuya, Kiswahili chetu tumekiokota kambini. Tepe yake ya tatu aliipata baada ya miaka kumi na mmoja. Kwetu cheo si mchezo. Hata mama akitaka chumvi ya haraka humwita "Afande", naye huenda dukani bila kunung'unika.

Mwaka jana dada alirudi. Alisema amechoka kutua mahali ambapo hakuna anayemngoja. Alitaka kurusha ndege kubwa kutoka Entebbe. Lakini leseni ya ng'ambo peke yake haikutosha: ilibidi apimwe afya upya, afanye mtihani wa sheria za anga za hapa kwetu, ndipo aombe kazi. Miezi saba alisoma kwenye meza ya chakula, mimi pembeni nikishona vifungo. Alinipa kitabu nimuulize maswali. Nilisoma polepole mno hata akawa anajibu kabla sijamaliza swali, na kila mara jibu lilikuwa sahihi. Sikumwambia, lakini nilikuwa nalala nikiwa na furaha.

Majirani walianza maneno. Mmoja alimuuliza mama, mbele ya watu, ni rubani gani huyo anayepanda boda. Mama akamjibu kwamba hata daktari huugua, akaendelea kuchagua nyanya.

Dada alifaulu mtihani, akaitwa kwenye usaili, akajaribiwa ndani ya mashine inayoiga ndege, kisha barua ikaja. Wamemchukua. Siku hiyo alinijia kwanza mimi, huko Kansanga, kwenye baraza ninapoweka cherehani yangu. Alileta koti jeusi la kazi nimpunguzie kiuno, pamoja na utepe wa dhahabu wa kushona mikononi. Kila mkono tepe mbili. Nilizitazama, nikazihesabu tena kwa kidole.

"Uliza tu," akasema.

Sikuuliza. Akanieleza mwenyewe kwamba ndege ya hapa hubeba watu sabini, hurushwa na marubani wawili, na kila mgeni huanzia kiti cha kulia, akiwa rubani msaidizi. Saa zake za kwenye ndege ndogo haziwezi kumkalisha kushoto, kwenye kiti cha mkuu wa ndege. Alisema hayo bila huzuni. Jumatatu angekwenda kutia sahihi.

Nyumbani baba alilishika koti akaligeuza mkono mmoja, kisha wa pili.

"Kosa gani?" akauliza.

"Hakuna kosa, baba."

"Mtu hatoki tepe nne akaja mbili bila kosa. Nani alikushtaki?"

Dada akacheka, akidhani ni mzaha. Hapo ndipo alipokosea. Baba aliingia chumbani, tukamsikia akimwambia mama kwamba mwanawe hatatia sahihi karatasi ya kushushwa cheo kabla ya kusikilizwa. Jeshini, alisema, hata mwizi husikilizwa.

Ijumaa asubuhi alivaa kaunda suti yake, akang'arisha viatu, akasema anakwenda Naguru kumwona rafiki yake wa zamani, polisi mstaafu. Alirudi jioni. Wakati wa chakula akatoa ripoti: hakwenda Naguru. Alikwenda Entebbe, kwenye ofisi za shirika la ndege, akaomba kuonana na kamanda wa marubani, akakaa kwenye kiti cha mapokezi mpaka alipoitwa. Alikuwa amemuuliza mkubwa huyo ni mahakama gani iliyomvua binti yake tepe mbili.

Dada aliweka kijiko chini.

"Baba, umeniharibia kazi."

"Nimefanya ambacho afande yeyote humfanyia askari wake."

"Alikujibu nini?"

Baba akakataa kusema. Jibu la mkuu, alisema, hupokelewa kutoka kwa mkuu mwenyewe, halipiti kwa dereva. Mama alimbembeleza, akamtania, mwisho akamnyima chai. Hakusema. Jumamosi na Jumapili dada alizunguka na simu mkononi, akitarajia kuambiwa asifike.

Simu haikulia. Jumatatu aliniomba nimsindikize. Nilifunga cherehani tukaenda Entebbe. Nilikaa ukumbini, mlango wa ofisi ukaachwa wazi, kwa hiyo nilisikia yote. Rubani mkuu, yule ambaye baba alimwita kamanda, ni mtu mzima mwenye mvi na miwani mizito. Dada alianza kuomba radhi kwa ajili ya baba, naye akamzuia kwa mkono.

"Mimi pia nilirudi kutoka ng'ambo na tepe nne," akasema. "Hapa nikavalishwa mbili, nikakaa nazo miaka sita. Kwetu waliona haya, wakanyamaza. Hakuna aliyefunga safari kuja kuuliza nimekosa nini."

Dada akavuta kiti, akakaa.

"Nilimwambia mzee wako hukuvuliwa kitu. Umehamishiwa kikosi kikubwa zaidi, na huko kila mtu huanza na mbili."

"Akasemaje?"

"Alisimama akanipigia saluti. Kisha akaniuliza kama viatu vyenu huwa vinakaguliwa."

Nilisikia dada akicheka na kuvuta kamasi kwa pamoja. Halafu karatasi ikasogezwa, na kalamu ikaandika.

Siku ya safari yake ya kwanza kulikuwa kumepambazuka tu, gari la kazi likingoja nje. Baba alimsimamisha uani akamkagua kama kwenye gwaride: viatu, nywele, kola. Akafika mikononi akainama.

"Fundi," akaniita. Hajawahi kuniita hivyo. "Tepe ya kushoto iko chini kuliko ya kulia."

Ilizidi kwa unene wa uzi, lakini alikuwa amesema kweli. Nilifumua nikashona upya, dada akiwa amelivaa koti, dereva akipiga honi. Baba akarudi kutazama, akaridhika. Tangu siku hiyo, akimtaja dada kwa mtu yeyote, hata kwa mwenye boda, husema "rubani msaidizi" kwa sauti ya kutangaza jenerali, na anayethubutu kuuliza msaidizi wa nani huelezwa habari za kikosi kikubwa mpaka achoke. Mimi siwezi kusema hivyo mbele za watu. Ndiyo maana nimeandika.

Kama na wewe uliwahi kurudi kwenu ukaanza chini ya pale ulipokuwa, au aliyerudi ni ndugu yako, tafadhali niandikie unieleze watu wenu walikupokeaje au walimpokeaje. Jibu langu litachelewa, maana mnaujua sasa mwendo wa kalamu yangu, ila barua yako nitaisoma mara mbili, moja yangu na moja ya baba.